Karatasi ya Kuna

Karatasi yake imetobolewa na ufutio
pale palipoandikwa Wepesi.
Kumi na nane, ilisema, mwaka walipoanza;
kisha kumi na saba, kisha kumi na sita, kisha tundu:
ukichungulia unaona kitambaa cha meza.
Kumi na nne imebanwa pembeni.

Hakuna kanuni inayomtaka apunguze.
Bogumił mwenyewe ndiye huomba,
kila Februari, siku aliyozaliwa:
"Nitoe moja, Jagna. Mwizi naye huzeeka."
Na Jagna, mjukuu wa dada yake, mwendesha mchezo,
mwenye mazimwi yote na hali ya hewa,
huandika kwa penseli, hasemi kitu.

Alhamisi, Łódź, ghorofa ya tatu.
Tramu ikipita chini, kete zinatetemeka bakulini.
Matango ya chumvi. Chai kwenye bilauri.
Tymek mchawi, bado na sare ya gari la wagonjwa.
Halszka, jitu la kike lenye mashoka mawili,
ambaye mchana huuza miwani.

Bogumił alikuwa fundi kufuli miaka arobaini na mmoja.
Aliwafungulia wajane, walevi, polisi mara mbili,
na mtoto aliyejifungia chooni na paka.
Hakuiba hata kitasa.
Kwa hiyo walipomwambia, chagua uwe nani,
hakumaliza kutafuna:
mwizi.

Akampa jina Kuna.
Kwao ni mnyama wa usiku, mwembamba, kifua cheupe,
mla mayai, mtafuna nyaya za magari.
Kwangu mimi ni neno dogo tu
la kusema kitu kipo.

Usiku huu wako chini ya mnara wa Orvendal.
Mlango wa chuma, kufuli la meno saba.
Kuna anapiga goti, na goti linalia;
Bogumił anauigiza mlio ule kwa mdomo, wanacheka,
lakini mkono ulioshika kete
hauigizi.
Unatikisika wenyewe, tangu theluji ya kwanza,
na ile kete ya nyuso ishirini
inaanguka kabla hajairusha.

Tatu.

Jagna anaitazama ile tatu
kama mtu anayetazama bili.
Anaweza kusema imeponyoka, haihesabiwi, rusha tena.
Mdomo umeshafunguka.
"Usinihurumie," anasema mzee. "Tatu ni tatu.
Kiwaya kimekatikia ndani. Nimekisikia."
Na kweli amekisikia: sauti ile aliiacha karakana
siku aliyostaafu,
na hapa tena imemfuata mezani.

Tymek anapendekeza moto.
Halszka anapendekeza shoka, kisha shoka la pili.
Kuna anajifuta mafuta ya kufuli kwenye suruali,
anasimama kwa awamu, kama wasimamavyo wazee,
mkono ukutani, pumzi, halafu mgongo.

"Nabisha hodi," anasema Bogumił.
"Unafanya nini?"
"Nabisha. Mara tatu, kistaarabu.
Miaka yote hii naingia nyumba za watu
na hakuna hata moja niliyobisha."

Jagna anapekua kurasa.
Ameandika mitego, sumu, mbwa wa mawe,
kengele itakayolia na askari watakaoshuka ngazi;
hakuandika popote
mwizi akipiga hodi hutokea nini.
Halszka ameacha tango katikati ya meno.

Chini, tramu ya mwisho inapinda kona, inasaga reli.
Jagna anafunga daftari. Anakohoa,
anatafuta koo la mtu mwingine,
mlinzi aliyelala nyuma ya mlango huo tangu ujana
na hakuwahi kupata mgeni:

"Nani huko?"

Mzee anaweka mkono juu ya mkono, ili utulie.

"Kuna," anasema.